Wasia Uliosemwa Katika Mvua

Tshibola na Asani waliishi pamoja miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kuoana.

Si kwamba hawakutaka. Tshibola alikuwa binti wa Kikasai aliyezaliwa Musonoi, katika kambi ya wafanyakazi kando ya mashimo ya shaba, mahali ambapo baba yake Kabeya aliletwa akiwa kijana na akafia hapo. Asani alikuwa Mwislamu, mtu wa Kasongo, mwenye kamyo kuukuu aliyoiendesha mwenyewe, akibeba unga na samaki wa chumvi kati ya Kolwezi, Lubudi na Kisenge.

Walikutana Lubudi mwaka wa 1972. Springi ya kamyo ilivunjika karibu na stesheni, mbele ya meza ya Tshibola, ambaye siku zile aliishi kwa shangazi yake akiuza chai na mikate ya mafuta. Ikabidi Asani angoje springi nyingine itoke Kolwezi. Mara ya kwanza alinunua mikate kwa sababu ya njaa. Baadaye aliinunua akiwa ameshiba, akawagawia wapagazi wa stesheni. Springi ilipofika aliifunga polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza kazi.

Akapeleka wajumbe Musonoi na mbuzi mmoja mnene. Mzee Kabeya alikwisha kufa. Mwenye neno sasa alikuwa kaka mkubwa wa Tshibola, Ngeleka, fundi wa umeme. Ngeleka aliwapa wageni viti, akawapa maji ya kunywa, kisha akasema, "Mbuzi ya Mwislamu hatutaifunga mu parsele ya tata yetu. Murudi nayo."

Walirudi nayo kutoka kiwanja cha marehemu Kabeya. Mwaka uliofuata walikwenda tena, safari hii hata maji hawakupewa.

Kwa upande wa msikiti, Sheikh Swedi, rafiki wa Asani wa siku nyingi, hakuona tabu juu ya dini ya Tshibola. "Mukristu anaolewa," alisema. "Lakini nani atanipa mukono wake? Kaka yake anakataa, na bila walii mi sifungi ndoa." Kanisani nako padri alimwita Tshibola pembeni, akamwomba kwa upole aache kusimama na kwaya maadamu anakaa na mwanamume bila ndoa. Tangu siku hiyo Tshibola aliimba akiwa benchi la nyuma, kwa sauti ya chini. Hakuwa mke wa msikitini, hakuwa mke wa kanisani, hakuwa mke wa mahari. Alikuwa mwanamke wa Asani, basi.

Lakini nyumba ilikuwepo. Asani alipata kiwanja Manika, na kiangazi kizima Tshibola alikanyaga udongo wa kichuguu, akafyatua matofali, akayachoma, huku Asani akileta kuni kwa kamyo. Walijenga vyumba vitatu na veranda. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina moja tu, la Asani, na wala Tshibola hakufikiria kuuliza. Wakati wa vita vya 1978, wenye magari walipokimbia mji, Asani alibaki, maana Tshibola alikuwa ametoka kupoteza mimba ya pili na hakuweza hata kukaa. Aliegesha kamyo nyuma ya nyumba, akaifunika majani, akalala chini sakafuni karibu na kitanda chake mpaka risasi ziliponyamaza. Mimba nyingine haikuja tena. Mtoto wa Asani alikuwa mmoja tu, Kasimu, wa marehemu mke wake wa kwanza, aliyelelewa na baba yake mdogo kule Kasongo. Asani alimtumia nguo na karo ya shule. Kumtembelea alisema kila mwaka kwamba atakwenda, na kila mwaka kulikuwa na mzigo wa kwenda Kisenge.

Mwaka wa 1985 miguu ya Asani ilianza kuvimba. Akipanda kamyo alihema kama aliyebeba gunia. Hospitalini walisema ni moyo. Sheikh Swedi alipopata habari alikuja, wakakaa verandani, na Tshibola, aliyekuwa akipepeta unga upande wa pili wa mlango, alisikia kila neno.

"Asani," alisema Swedi, "Kasimu ni murithi wako, hata kama hajakanyaga hapa. Huyu mama hapana. Hata kama ningekuwa nimewaozesha, mutu wa dini ingine harithi kwako. Lakini Mungu hakukufunga mikono. Sehemu ya mali yako, mupaka moja ya tatu, unaweza kumuachia mutu mwenye si murithi. Nyumba inaingia mu ile sehemu. Kamyo na depo ya soko, pale unatunza unga, vitabaki vya mutoto. Lakini sharti useme wasia mbele ya mashahidi wawili. Na uandikwe, utie sahihi, hata serikali iuone. Neno la ndani ya moyo si wasia."

"Na nisiposema?"

"Siku utafunga macho, Tshibola atakuwa mupangaji mu nyumba ya Kasimu. Na ni kama Kasimu anataka."

Asani alisugua miguu yake. "Basi Ijumaa, Inshallah. Leta hao batu wawili."

Ijumaa ilifika. Tshibola alikuwa nyuma ya nyumba akiloweka samaki ili chumvi itoke. Alipoingia kutafuta beseni, aliona wanaume watatu wamekaa sebuleni kwa mstari, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mikono juu ya magoti, na mbele yao Asani ameegemea mto. Wamekaa kama watu wanavyokaa penye maiti. Alikumbuka siku baba yake Kabeya alipowaita ndugu zake, akagawa baiskeli, akagawa cherehani, akawashukuru. Kesho yake asubuhi walimkuta amepoa.

Hakuwasalimu. Alipita katikati yao na mikono inayochuruzika maji, akapiga magoti kando ya Asani, akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Hapana! Mi siziki mutu leo. Tata Swedi, unisamehe. Munakuya kumugawa na bado anapumua?"

"Mama, ni juu yako wewe tulikuja," alisema Swedi.

"Kama ni juu yangu, mi sitaki! Nataka yeye. Sitaki matofali!" Akaanza kulia kwa sauti, mpaka jirani yake Laurentine akachungulia juu ya ua.

Asani aliutoa ule mkono mdomoni pake, akaushika. Alikuwa akicheka kidogo, cheko la mtu asiye na pumzi. "Basi, basi. Bazee, murudi Ijumaa ingine. Huyu mama atalia mupaka bukari iungue."

Wale wawili walisimama. Swedi alichelewa kusimama. "Mama Tshibola," alisema, "wasia hauui mutu. Wa kwangu niliusema zamani, na bado unaniona hapa, ninakula."

Tshibola alizidi kulia. Alikuwa ameficha uso begani kwa Asani.

Na kama kumpa Tshibola haki, Asani akapata nafuu. Uvimbe ulipungua. Alikula bukari, ule ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akaomba nyongeza. Aliendesha mpaka Lubudi akarudi. Ijumaa iliyofuata alikuwa safarini. Iliyofuata Swedi alikuwa na msiba kwao. Kisha wageni, kisha mwezi wa mfungo, kisha kamyo ikaharibika gia. Mara moja Asani alisema, "Lile neno la Swedi, tulimalize," akamtazama Tshibola alivyogeuza uso, akaliacha. Wala Swedi hakumsukuma, maana mtu hawezi kumsukuma mwenzake kuelekea kaburini mara mbili.

Mvua za Januari zilipokolea, Asani aliangukia kitandani na hakuinuka tena. Saa ya mwisho ilikuwa alasiri, mvua kubwa, ile ya Kolwezi inayopiga mabati mpaka watu wawili ndani ya chumba kimoja wasisikizane. Asani alifumbua macho, akamvuta Tshibola karibu.

"Ita Swedi. Ita batu wawili."

Tshibola alisimama aende. Asani hakumwachia mkono. "Enda," alisema, na vidole vikazidi kubana. "Hapana. Usiniache."

Tshibola alifanya alivyoweza. Alinyoosha mkono wake huru, akasukuma dirisha, akaita, "Laurentine! Laurentine-e!" Mvua ikalimeza jina. Barabara ilikuwa mto wa maji mekundu, hakuna mtu, hakuna hata mbwa. Akaita tena mpaka koo likapasuka. Aliporudisha uso ndani, Asani alikuwa amejiinua juu ya kiwiko, macho yake kwenye kona tupu ya chumba kana kwamba watu wamekaa pale.

"Nyumba hii ni ya Tshibola binti Kabeya," alisema. "Kamyo na depo ni vya Kasimu. Nyumba ni ya Tshibola. Mungu ni shahidi yangu."

"Tata, ngoja, batakuya, utasema mbele yao."

Alisema tena, yote, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akatamka shahada, akalala, na mkono wake ukafunguka wenyewe.

Laurentine alikuja mvua ilipopungua, ndoo kichwani, akitaka tu kuuliza kama bati la jikoni linavuja. Laurentine huyu, hata baada ya serikali kukataza majina ya Kikristo, aliendelea kuitwa Laurentine kwenye bomba la maji, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Siku hiyo aliona kilichokuwa kitandani. Aliweka ndoo chini, akakaa sakafuni na Tshibola.

Watu wa msikiti walikuja wakamchukua Asani, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika. Katika kilio wanawake walijaza mikeka uani. Mmoja aliuliza kwa kunong'ona nani atakaa eda, na Amisa, mke wa Sheikh Swedi, akajibu pasipo ubaya wowote, "Eda ni ya muke." Tshibola alisikia. Alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, kama jirani aliyekuja kutoa pole. Chai iliyopitishwa ilikuwa ya majani yake, sukari yake, vikombe vyake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kasimu alifika kwa treni akitoka Kamina, ambako alikuwa karani wa reli. Alipoinama kuingia mlangoni Tshibola alishika ukuta, maana ilikuwa ile shingo ya Asani, yale mabega ya Asani, yameingia yakiwa na miaka thelathini. "Pole, mama," alisema kijana, akapita.

Baada ya arobaini walikaa sebuleni: Swedi, wazee wawili wa msikiti, Kasimu, na Tshibola kwenye kigoda, Laurentine nyuma yake. Tshibola alieleza yote. Alieleza mvua, mkono, maneno yale mara mbili. Hakuacha hata siku aliyomfunika Asani mdomo. Alipomaliza, wazee walitazamana.

"Mama," Swedi alisema, na sauti yake ilikuwa nzito, "mi nakuamini. Nilijua nia yake, kila mutu hapa anaijua. Lakini nia si wasia. Siku ya kusema tulikuwa hapa, hakusema. Siku aliyosema, hatukuwa. Na mwenye kupewa hawezi kuwa shahidi wa nafsi yake."

Kasimu aliinua kichwa. "Mi si sheikh," alisema. "Munipe mutu mumoja tu mwenye alisikia. Mumoja. Nitamuachia mama nyumba, nitarudi Kamina na kamyo."

"Mi nilisikia!" Laurentine alisimama. "Nilikuwa ku dirisha! Nilisikia yote, nyumba ni ya Tshibola, Mungu ni shahidi, vile vile alivyosema!"

Swedi hakumtazama Laurentine. Alimtazama Tshibola. "Ni kweli, mama? Alikuwa ku dirisha?"

Tshibola aligeuka. Macho ya Laurentine yalikuwa yakimsihi: sema, sema tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Na mbona Asani alisema kweli, mbona nyumba ilikuwa yake kweli? Lakini alimwona tena Asani amejiinua juu ya kiwiko, anavyolitoa lile neno kwa pumzi zake za mwisho, na akashindwa kulibandika uongo.

"Hapana," alisema. "Laurentine alikuwa kwake. Mvua ilikuwa inapiga. Hakuna mutu alisikia. Mi peke yangu."

Laurentine alitoka nje akilia kwa hasira.

Kasimu alikaa akitazama mikono yake. "Mama, pengine unasema kweli," alisema mwishowe. "Lakini neno lenye wewe tu ulilisikia, mi niliweke wapi? Kila mwaka tuliambiwa baba atakuya. Nilikuwa ninakaa ku barabara kungojea kamyo. Banasema, baba yako yuko na nyumba kule Kolwezi, anakaa nayo. Basi, nyumba yenyewe njo hii. Utakaa mupaka mvua iishe."

Watu wa Manika walimsifu sana Tshibola kwa ule ukweli. Sifa zilimfuata sokoni, zikamfuata kanisani. Alizipokea kama mtu anayepokea nguo isiyomtosha. Alikwenda pia biro ya zone, ofisi ya serikali ya eneo, kuuliza. Karani alikuwa mtu wa adabu, akampa kiti. "Citoyenne," alimwambia, kama wanawake wote walivyoitwa ofisini siku zile, "ndoa haiko mu kitabu. Parsele ni kwa jina lake. Angekuwa ameandika hata ukurasa mumoja kwa mukono wake, na tarehe, na sahihi, tungekuwa na kitu ya kuangalia." Alimuuliza mara mbili kama kweli hakuna, hata karatasi ndogo. Hakukuwa na hata karatasi ndogo.

Mvua ziliisha. Kasimu aliiuza nyumba kwa mfanyabiashara wa unga. Siku ya kuhama mke wa mnunuzi alikuja mapema, mwanamke mchangamfu, akauliza chumba gani kinavuja. Tshibola akamzungusha. Akamwonyesha bati la jikoni, akamwonyesha dirisha linalokwama wakati wa masika na namna ya kulisukuma kwa bega. Yule mwanamke akashukuru, akaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Ngeleka alikuja mwenyewe na mkokoteni kumchukua dada yake. Alipakia vyungu, godoro, meza. Walitembea njia nzima ya kwenda Musonoi, yeye akisukuma, Tshibola akishikilia godoro lisianguke. Walipofika ukingo wa shimo, mahali barabara inapokata kona, Ngeleka alisimama kupumzika. Alijifuta uso. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na Tshibola hakuwa ameliona jambo hilo.

"Ningepokea ile mbuzi siku ile," alisema.

Tshibola alitazama chini shimoni, kwenye magari madogo kama siafu. Baadaye wakaendelea.

Alipewa chumba cha nyuma, akaendelea kuuza samaki wa chumvi mbele ya ua wa kaka yake. Kuna siku alijiona ni mtu mwaminifu. Siku nyingi zaidi, hasa mvua ikipiga mabati, alijiona mjinga, mara moja kwa kumfunika mdomo mtu aliyetaka kusema, mara ya pili kwa kumkatalia rafiki aliyetaka kumwokoa. Alikuwa akiisema ile "ndiyo" ambayo hakumpa Swedi, peke yake chumbani, kusikia ingekuwaje.

Mwaka wa 1988 Kasimu alitokea Musonoi, akitafuta kwa kuuliza. Tshibola alimwona kwa mbali akaendelea kugeuza samaki juani. Hakumpa kiti. Kijana akachuchumaa.

"Sikuja juu ya nyumba," alisema. "Ile imekwisha, na pesa zake zimekwisha, na kamyo ilikufa. Nilikuya kuuliza." Alitazama samaki juani. "Baba alikuwa namna gani? Miye sina kitu. Sijui hata alikuwa anacheka juu ya nini."

Tshibola aligeuza samaki mmoja, akageuza mwingine. Alitaka kumfukuza. Alitaka kumwambia kwamba hiyo nayo ni mali, na kwamba hii haikuandikwa kwa jina la Kasimu. Badala yake aliona ile shingo imeinama mbele yake, akaingia ndani, akaleta kigoda.

Alimwambia juu ya springi ya Lubudi na mikate waliyokula wapagazi. Alimwambia namna Asani alivyokuwa akiitukana kamyo kwa Kiswahili na kuiomba msamaha kwa Kiarabu. Kasimu alicheka, kisha akafunika macho kwa mkono. Mengine Tshibola hakumwambia. Yalikuwa ya kwake.

"Uko na bibi?" alimuuliza.

"Niko naye. Na mutoto mumoja. Mahari bado kidogo, biro hatujaenda."

Tshibola aliacha samaki. Alimgeukia mzima. "Sikiliza, Kasimu. Ukirudi Kamina, uende ku biro naye, na wasia useme mbele ya batu. Uandike, utie sahihi. Usingoje miguu ivimbe. Na kama bibi yako atalia, atasema unaita kifo, umuache alie. Unanisikia? Umuache alie, na weye useme."

"Nimesikia, mama."

"Sema, nitasema."

"Nitasema."

Aliondoka kabla baruti ya jioni haijalipuka mgodini, akiwahi gari la kwenda stesheni. Tshibola alikusanya samaki kwenye beseni, akawaingiza ndani, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Mlipuko ulipokuja, vyombo vililia kidogo kwenye kabati. Alikaa kitandani mpaka vikanyamaza, kisha akatoka kumsaidia mke wa Ngeleka kusonga bukari.